Mississippi, 1964: Uhuru Ulianza kwa Mazoezi

Fomu ya kuomba kuandikishwa kupiga kura katika jimbo la Mississippi, mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilikuwa na maswali 21. Ya mwanzo yalikuwa mepesi: tarehe, jina, umri, kazi, mwajiri wako ni nani, unaishi wapi. Kisha msajili alichagua kifungu kimoja kati ya vifungu 285 vya katiba ya jimbo. Mwombaji alikinakili kwa mkono, akaandika maana yake kwa maneno yake mwenyewe, halafu akaeleza wajibu wa raia chini ya serikali ya kikatiba. Aliyesahihisha alikuwa msajili huyohuyo, peke yake, wala hakulazimika kumwonyesha mtu kosa lake. Mwalimu mweusi mwenye shahada aliweza kuambiwa ameanguka, na mzungu aliyeandika sentensi moja isiyoeleweka akapita.

Lakini swali lililotia watu baridi zaidi ni lile la mwajiri. Ukishaandika jina la mwenye shamba unakofanya kazi, habari zilimfikia kabla hujarudi nyumbani. Mwaka 1962 bunge la jimbo likaongeza sheria: majina ya waombaji yachapishwe gazetini kwa wiki mbili. Kila mtu alielewa, kwa sababu mfano ulikwishaonekana Yazoo City mwaka 1955. Watu weusi 53 walitia saini ombi la kutaka shule zisitenganishe watoto kwa rangi. Baraza la Raia Wazungu, chama cha watetezi wa ubaguzi, likatoa tangazo gazetini lenye majina yao yote. Watu wakaanza kufukuzwa kazi, kunyimwa mikopo, kukataliwa hata dukani. Karibu wote walifuta majina yao.

Mapambano ya Wamarekani weusi hukumbukwa kwa hotuba na maandamano, na hotuba zile zilikuwa na nguvu kweli. Hata hivyo, mtu anayeishi leo chini ya utawala usiopenda kuulizwa atajifunza mengi zaidi kutoka kwenye kazi ya daftari, masanduku na mikutano ya matawi iliyofanyika Mississippi kati ya 1962 na 1964. Watu walionyimwa kila kitu waliendesha uchaguzi wao, shule zao na chama chao kwa kanuni kamili, kana kwamba haki imeshafika. Kuwaza kesho yenye haki kulikuwa kwao kazi ya mikono, yenye ratiba, idadi na makosa ya kusahihisha.

Wapo wanaosita kutumia neno "kiimla" kwa Marekani. Basi tupime. Katiba ya Mississippi ya 1890 ilitungwa kuwaondoa weusi kwenye daftari la wapigakura bila kutaja rangi popote. Nyenzo yake mojawapo ilikuwa kodi ya kichwa, dola 2 kwa mwaka, na ilitakiwa iwe imelipwa kwa miaka miwili kabla ya uchaguzi. Wazee wa Afrika Mashariki waliijua kodi ya kichwa kwa sura nyingine: asiyelipa alikamatwa. Mississippi, asiyelipa aliachwa kimya, maana kutolipa kwake ndiko kulikotakiwa. Mkulima aliyelima pamba kwa kugawana mazao na mwenye shamba, akafungiwa hesabu mwisho wa msimu na kuambiwa bado anadaiwa, angezitoa wapi dola 2?

Chama kilikuwa kimoja, Democratic ya wazungu. Majaji, masherifu na wasajili wote walitoka humo. Wananchi wanaoketi kuamua kesi za jinai walichaguliwa kutoka daftari la wapigakura, kwa hiyo aliyemuua mtu mweusi alihukumiwa na majirani zake mwenyewe. Mwaka 1956 jimbo liliunda Tume ya Mamlaka ya Jimbo, idara ya upelelezi iliyolipwa kwa kodi za wananchi, ikiwemo ya weusi waliokuwa wakipelelezwa. Faili zake zilipofunguliwa kwa amri ya mahakama mwaka 1998, zilikuwa na majina ya watu wapatao 87,000. Na adhabu haikumlenga mtu mmoja mmoja tu. Majira ya baridi ya 1962, viongozi wa kaunti ya Leflore walisimamisha mgao wa chakula cha serikali kuu uliokuwa ukiwafikia watu wapatao 22,000, wengi wao weusi, pale kazi ya kuandikisha wapigakura ilipoanza kushika kasi Greenwood. Weusi walikuwa takriban asilimia 42 ya wakazi wa jimbo. Waliokuwa kwenye daftari hawakufika 7 katika kila watu wazima 100.

Mtu aanzie wapi hapo? Jibu zuri la kwanza lilitoka kisiwa cha Johns Island, jimbo la South Carolina. Esau Jenkins aliendesha basi la kupeleka wafanyakazi Charleston, na mmoja wa abiria wake alimwomba amfundishe kusoma ili aweze kujiandikisha. Septima Clark, mwalimu aliyefukuzwa kazi mwaka 1956 kwa kukataa kuficha uanachama wake wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, alisaidia kuandaa darasa. Mbele paliwekwa duka la ushirika, darasa likawa nyuma, ili wazungu wasishtuke. Januari 1957 wakaanza na wanafunzi 14, jioni mbili kwa wiki, kwa muda wa saa mbili kila jioni.

Mwalimu alikuwa Bernice Robinson, msusi. Hilo lilikusudiwa. Mwalimu wa serikali angeweza kufukuzwa, na zaidi ya hapo angewadharau watu wazima wasiojua kusoma. Msusi anaishi kwa wateja wake weusi, hakuna mzungu wa kumfukuza. Siku ya kwanza Robinson alikuja na vitabu vya watoto wa darasa la kwanza, akagundua mara moja kwamba amekosea: mtu wa miaka 60 hawezi kusomeshwa hadithi za paka na mpira. Akaviweka kando, akawauliza wanataka kujua nini. Walitaka kuandika majina yao, kusoma Biblia, kujaza fomu za kuagiza bidhaa na za kutuma fedha kwa posta. Ndiyo ukawa mtaala. Jina la mwanafunzi liliandikwa kwenye kadi ngumu, naye akalipitishia kalamu juu yake, tena na tena, mpaka mkono ukalizoea. Mtu aliyeweka alama ya X maisha yake yote akaandika jina lake. Katiba ilikuja baadaye, na ilikuja kwa mtu mwingine kabisa.

Njia hiyo ilienea kusini kote baada ya mwaka 1961, ilipochukuliwa na shirika la Martin Luther King. Watawala waliielewa vizuri. Juni 1963 Fannie Lou Hamer, kibarua wa mashamba ya Mississippi aliyejiunga na harakati, na wenzake walikuwa wakirudi kutoka mafunzo ya namna hiyo South Carolina walipokamatwa kwenye kituo cha basi cha Winona, Mississippi, wakapigwa ndani ya jela mpaka mwili wa Hamer ukabaki na madhara hadi kifo chake.

Zoezi kubwa zaidi lilifanyika Novemba 1963. Jimbo lilikuwa linamchagua gavana, na weusi hawakuwa na nafasi. COFO, shirikisho la vyama vya harakati, likaandaa uchaguzi sambamba ulioitwa Kura ya Uhuru. Mgombea ugavana alikuwa Aaron Henry, mwenye duka la dawa Clarksdale. Mgombea mwenza alikuwa Ed King, mchungaji mzungu wa chuo cha Tougaloo. Karatasi za kura zilichapwa, masanduku yakawekwa makanisani, kwenye saluni, vinyozi na maduka ya vyakula. Wakapatikana wasimamizi wa sanduku, wasafirishaji na wahesabuji.

Kura zilizopigwa zilizidi 80,000. Lengo lilikuwa 200,000, na sababu za kupungua zinafaa kujulikana. Wafanyakazi wa kampeni walikamatwa kwa makosa ya barabarani ya kubambikiwa, mashamba makubwa hayakuingilika, na hofu haikuisha kwa wiki chache. Kwa mtazamo wangu upungufu huo ulikuwa na faida yake. Ulionyesha kaunti zipi zina watu wa kuaminika na zipi hazina hata mmoja, na orodha ya waliolinda masanduku ndiyo iliyokuja kuwa uti wa mgongo wa kazi ya mwaka uliofuata. Tena kura hizo ziliua uongo ambao kila utawala wa namna hii huuhitaji, kwamba watu wenyewe hawaitaki kura. Mwezi uliofuata, siku chache baada ya uhuru wa Kenya, Oginga Odinga alipita Atlanta, vijana wa SNCC, kamati ya wanafunzi wanaharakati, wakaenda kuonana naye, na neno "uhuru" likaingia kwenye nyimbo na salamu zao.

Shule za Uhuru za kiangazi cha 1964 zilitokana na pendekezo la Charles Cobb, kijana wa SNCC, aliloliandika mwishoni mwa 1963. Hoja yake ilikuwa kwamba shule za weusi Mississippi zilifundisha watoto kunyamaza, na mtoto aliyezoeshwa kutouliza hawezi kuwaza jamii nyingine. Waandaaji walitarajia wanafunzi 1,000. Wakaja zaidi ya 2,000, katika shule kama 40. Hattiesburg peke yake waliandikishwa zaidi ya 600.

Mtaala ulizunguka maswali ambayo hata leo ningewashauri waandaaji wa semina yoyote ya uraia wayaanze nayo. Wenye nguvu wana nini tunachokitaka? Wana nini tusichokitaka? Sisi tuna nini tunachotaka kubaki nacho? Swali la kwanza kila chama cha upinzani hulijibu haraka: viti, shule, barabara, mishahara. La pili na la tatu ndiyo kazi yenyewe, kwa sababu bila hayo watu hupigania kuingia kwenye nyumba ileile, na wakishaingia hugeuka kuwa wenye nyumba walewale.

McComb ulikuwa mji wa mabomu. Nyumba ya SNCC ililipuliwa Julai 8, na hakuna kanisa lililothubutu kufungulia shule milango. Watoto wakasomea nje, kwenye majani, uani kwa nyumba hiyo iliyobomolewa. Mwanafunzi mmoja wa kike akaandika shairi akiwauliza wakubwa, kwa ufupi, kama yeye hakuogopa, wao wanaogopa nini. Shairi likasambaa mjini, aibu ikawaingia wazee, kanisa likafunguliwa. Wanaosema ushairi hauna kazi katika siasa waanzie hapo.

Agosti 7 hadi 9, wajumbe wa wanafunzi walikutana Meridian kutunga ilani. Ni mji uleule ambao Agosti 7 ulimzika James Chaney, kijana wa huko aliyeuawa Juni 21 pamoja na Andrew Goodman na Michael Schwerner. Watoto wa miaka 13, 15, 17 walikaa kwenye kamati, wakatoka na mapendekezo kuhusu nyumba, afya, elimu, ajira, mfumo wa mashamba makubwa, mwenendo wa polisi, kura, na hata matengenezo ya mitaa ya mji. Kwenye mambo ya nje walitaka nchi yao iache kuunga mkono udikteta kwingineko. Kijana aliyetoka kwenye mazishi alikaa akijadili nani azoe takataka mtaani kwake, na mimi naona heshima kubwa katika hilo.

Kosa la shule hizi lilikuwa muda. Walimu wengi walikuwa wanafunzi wa vyuo vya kaskazini, wengi wazungu, waliokuja Juni wakaondoka Agosti. Walipiga taipu haraka kuliko wenyeji na walizungumza kwa kujiamini kwenye mikutano, hivyo kazi nyingi zikaangukia mikononi mwao, na walipoondoka nyingi zikakosa mtu. Nyingi ya shule hizo hazikuvuka msimu wa pamba.

Chama kiliandaliwa kwa uangalifu zaidi. MFDP, Chama cha Kidemokrasia cha Uhuru cha Mississippi, kilianzishwa Jackson, Aprili 26, 1964. Shabaha ilikuwa mkutano mkuu wa Democratic wa taifa, Agosti, Atlantic City: kudai viti vya jimbo, kwa hoja kwamba wajumbe wa wazungu wamepatikana kinyume cha kanuni za chama chenyewe. Ili hoja hiyo isimame, kila hatua ilibidi ifuatwe kwa ushahidi. Katikati ya Juni weusi wachache waliokwisha kujiandikisha walikwenda kwenye mikutano halali ya matawi. Mahali pengine walikuta mlango umefungwa, pengine wakazuiwa kuingia, pengine wakaingia wakanyimwa kuzungumza. Kila tukio liliandikwa hati ya kiapo. Kisha wakafanya mikutano yao ya matawi, wazi kwa rangi zote, ikafuata ya kaunti, ya wilaya za ubunge, na Agosti 6 mkutano wa jimbo Jackson, watu wapatao 2,500, Ella Baker, mwanaharakati mkongwe, akitoa hotuba kuu. Wakachagua wajumbe 68, wanne kati yao wazungu. Watu waliokuwa wakichuma pamba Septemba iliyopita walikaa chini ya bango la kaunti yao, wakajadili utaratibu, wakapiga kura.

Atlantic City, Agosti 22, Hamer alieleza mbele ya kamati ya kuhakiki wajumbe yaliyompata kwa sababu ya kutaka kuandikishwa. Rais Johnson akaitisha haraka mkutano na waandishi ili televisheni zimwache. Vituo vikairusha habari yake jioni, na watu wengi zaidi wakamsikia. MFDP ilihitaji wanakamati 11 wa kuleta maoni ya wachache ukumbini, na majimbo 8 ya kudai kura ya wazi. Mwanzoni ilikuwa nao. Ikulu ikaanza kupiga simu kuhusu uteuzi, kazi na miradi, wanakamati wakapukutika mmoja mmoja.

Wakapewa viti viwili visivyo vya jimbo, pamoja na ahadi kwamba mwaka 1968 ubaguzi hautaruhusiwa. Wengi huliita suala la idadi, viwili badala ya 68. Nadhani jeraha lilikuwa kwingine: waliopangiwa viti hivyo, Aaron Henry na Ed King, waliteuliwa na wakubwa wa chama. Baada ya wiki kumi za kujizoeza kuchagua, watu waliambiwa wawakilishi wao wameshachaguliwa. Wasomi na viongozi kadhaa waliona ni heri kupokea. Wakulima na vibarua walikataa, na walikuwa sahihi. Kundi ambalo chama kilitoa heshima yake yote kulilinda, Democratic ya wazungu Mississippi, lilimgeuka Johnson: Novemba jimbo lilimpa mpinzani wake asilimia 87.

Bob Moses, aliyekuwa fundi mkuu wa mipango hii yote, alitoka hapo amevunjika moyo na siasa za vyama. Mwishoni mwa muongo huo alihamia Tanzania na mkewe, akafundisha hisabati shuleni Same, Kilimanjaro, hadi katikati ya miaka ya 1970. Aliporudi Marekani alianzisha mradi wa kuwafundisha aljebra watoto wa maskini, akiamini kwamba asiyeijua hesabu zama hizi yuko nje ya daftari kama asiyejua kusoma alivyokuwa Mississippi.

Sheria ya Haki za Kupiga Kura ilisainiwa Agosti 6, 1965, na kufikia 1967 weusi walioandikishwa Mississippi walifika karibu asilimia 60. Ni rahisi kuhitimisha kwamba sheria ilimaliza kazi. Kaunti mbili zinaonyesha kilichobaki.

Sunflower ni kaunti ya Hamer. Agosti 31, 1962 alikwenda Indianola na wenzake 17 kwa basi, akapewa kifungu kinachokataza sheria kuadhibu tendo lililotangulia sheria yenyewe, akashindwa kukieleza. Wakati wa kurudi polisi walimtoza faini dereva kwa madai kwamba rangi ya basi lake ni ya njano kupita kiasi, inafanana na basi la shule. Jioni hiyohiyo mwenye shamba alimwambia Hamer ayafute maombi yake au ahame. Alikuwa amefanya kazi hapo miaka 18. Alihama usiku huo.

Kaunti ya pili ni Holmes. Huko, mahali paitwapo Mileston, serikali kuu ilikuwa imenunua ardhi ya pamba mwanzoni mwa miaka ya 1940 na kuwauzia wakulima weusi kwa mikopo ya muda mrefu yenye riba ndogo. Aprili 9, 1963, watu 14 kutoka huko walikwenda mahakamani Lexington kuomba kuandikishwa. Nyumba ya mmoja wao, Hartman Turnbow, ilichomwa kwa mabomu ya petroli mwezi uliofuata. Akajibu kwa bunduki, kisha sherifu akamkamata yeye kwa kosa la kuichoma nyumba yake mwenyewe. Alisumbuliwa, lakini hakuna aliyeweza kumwambia ahame. Wenye ardhi waliweka hati zao mahakamani kuwadhamini waliokamatwa na kuwapa vijana wa SNCC vyumba vya kulala. Mwaka 1967 ni Holmes iliyomtoa Robert Clark, mtu mweusi wa kwanza kuingia bunge la jimbo katika karne ya 20. Mazoezi yalifanyika kote. Yaliota mizizi pale ambapo mtu alilala juu ya ardhi yake.

Hamer aliliona hilo kuliko wachambuzi wengi. Mwaka 1969 alinunua ekari 40 Sunflower kwa ajili ya ushirika wake, Freedom Farm, baadaye zikafika 680. Pamba na soya zilikuwa za kulipia ardhi. Maharage, bamia na mboga za majani za kulisha familia. Kulikuwa na benki ya nguruwe, iliyoanza na nguruwe wapatao 50 kwa msaada wa baraza la taifa la wanawake weusi. Familia ilipewa jike mwenye mimba, watoto wakabaki kwa familia, mama akarudi benki kwenda kwa nyumba nyingine. Ada ya uanachama ilikuwa dola 1 kwa mwezi, na hata hiyo ni familia chache tu zilizoimudu.

Hapo ndipo shimo lilipokuwa. Ada haikuweza kulipa deni la ardhi, hivyo ushirika uliishi kwa michango ya mbali, iliyotegemea safari na hotuba za mtu mmoja ambaye afya yake iliharibiwa Winona. Hapakuwa na meneja wa kilimo wa kutosha. Hali mbaya ya hewa ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 iliharibu mavuno yaliyotakiwa kulipa rehani. Mileston ilipewa muda wa kutosha kulipia ardhi yake. Sunflower ilitakiwa kuilipa ndani ya misimu michache, na mwaka 1976 shamba likapotea, mwaka mmoja kabla Hamer hajafariki Mound Bayou akiwa na miaka 59.